Spika Zilizomposa Nusra

Habari hii hamtaiamini, wala sitawalaumu. Hata waliokuwapo hawaiamini. Umwambie mtu wa bara kwamba katika mji wa Lamu kuna mwanamke aliyeposwa na spika, moja baada ya nyingine, zikaletwa nyumbani kwao kama wachumba, akazikagua, akazikataa, mama yake akanuna, na harusi nzima ya watu ikakaa roho juu ikingoja achague, atakuuliza umekula nini asubuhi. Mwambie umekula mahamri kwa mbaazi kama watu wengine, na habari ni ya kweli, imetoka kwa ami yake Nusra, Bwana Bakr, ambaye ndiye huyu anayewahadithia. Bwana Bakr si mtu wa kuongeza chumvi. Shule aliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu aliishiwa na vya kumfundisha.

Nusra ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na hicho kitu hapendi kitajwe. Masikio yake madogo, lakini msiyadharau. Punda akilia chochoroni, Nusra hukuambia ni punda wa nani na amebebeshwa nini. Zamani alikuwa kwenye mapokezi ya hoteli moja upande wa Ras Kitau, akivuka kwa boti kila asubuhi kwenda kuwachekea wageni, mpaka mashavu yakamchoka. Akaacha. Akanunua maikrofoni na kompyuta, akakigeuza chumba cha ndani nyumbani kwao kuwa studio. Nyumba ni ya mawe, ya zamani, kuta zake nene kiasi kwamba mtu na mkewe wanaweza kutukanana chumba hiki, na chumba cha pili wageni wakaendelea kunywa kahawa bila kujua.

Kazi hakuitafuta, ilimjia. Wanawake wa Lamu wanaimba, lakini hawamwimbii kila mpita njia. Nyimbo zao za harusi ni za masikio yao wenyewe. Mbele ya mashine akikaa mwanamume, nusu ya waimbaji hupotewa na sauti na nusu iliyobaki hukohoa. Kwa Nusra huingia, wakavua mabuibui, wakayatundika msumarini, wakaimba mpaka chokaa ikapukutika darini.

Basi akaja Bi Nana wa Wiyoni. Huyu ndiye kiongozi wa vugo, ngoma ya wanawake ambayo hugongwa pembe za nyati kwa vijiti, tak, tak, tak-tak, na chini yake hupita ngoma kubwa waiitayo vumi, na juu ya vyote hivyo hupita Bi Nana mwenyewe. Sasa mjukuu wake Huwaida alikuwa anaolewa, na magoti ya Bi Nana na pumzi zake vilikuwa vimeshaomba likizo. Akaamua nyimbo zirekodiwe mapema, siku ya harusi zipigwe kwa spika, naye akae kwenye mkeka kama malkia. Wakaja kundi zima, wakaimba, wakala, wakaenda zao. Nusra akabaki na sauti zao ndani ya kompyuta, akazichanganya: hii aipandishe, ile aishushe, ile aisogeze kando. Alikuwa na vispika viwili vya kompyuta, vidogo kama vikopo vya maziwa. Akamaliza, akaridhika, akaenda Wiyoni kumsikilizisha mwenye ngoma.

Spika ya huko ilikuwa ya kukodi, ya Hamdu, mwenye duka la simu. Nusra akaunganisha waya, akabonyeza. Pembe zikatoka. Bi Nana akatoka. Kisha wote wakangoja.

"Nusra, mwanangu," akasema Bi Nana, "vumi yangu i wapi?"

"Ipo, Bi Nana."

"Ipo wapi? Niitie niiamkie. Mimi hapa nasikia vijiti tu, kama mtu apasuaye nazi nyumba ya pili. Au vumi imepanda boti, imekwenda Kiwayu?"

Wanawake wakacheka. Nusra naye akacheka, lakini kile kicheko cha mapokezi.

"Kwetu ilisikika vizuri, wallahi."

"Basi harusi tuifanye kwenu? Sikiza. Siku yenyewe nitaisikia tena, na kabla ya hapo sitaki kusikia hata pembe moya. Ikiwa hivi, nyimbo za wajukuu waliobaki nitampa Mahdi wa Langoni, naye ana mashine ya kurekodi."

"Mahdi ni mwanamume, Bi Nana!"

"Najua. Nilikuwapo alipozaliwa. Tutajifunika."

Nusra alirudi nyumbani kwa miguu akiwa na uso wa mtu aliyeonja shubiri. Alijua hesabu ya mambo. Bi Nana akiingia mlango wa Mahdi, Wiyoni nzima itaingia nyuma yake, na mji nao utafuata Wiyoni. Haitafika Ramadhani kabla hajarudi Ras Kitau kuwachekea wageni.

Akaamua mkosaji ni spika. Vile vikopo vya maziwa havifai, atafute spika ya kweli ya kuchanganyia muziki. Hapo ndipo wachumba walipoanza kubisha hodi.

Wa kwanza aliletwa na Hamdu mwenyewe juu ya mkokoteni: spika nyeusi, ndefu kama kijana wa sekondari, yenye taa za rangi zinazozunguka kila ngoma inapolia. Hamdu akaisimamisha pembeni mwa chumba, akajifuta jasho.

"Bi Nusra, hii hata mtu akipiga chafya utadhani anaimba."

Wala hakusema uongo. Ami yake Nusra alikohoa kwenye maikrofoni, na kikohozi kikatoka kama hotuba ya waziri. Nyimbo za Bi Nana zikapigwa, chumba kikajaa, taa zikazunguka, Nusra akafumba macho. Kila kitu kilikuwa kizuri. Pembe nzuri, vumi nzuri, Bi Nana amerudi kuwa msichana. Nusra alichanganya nyimbo zote asubuhi moja, kwa sababu hakukuwa na la kurekebisha. Kisha akaenda jikoni, akazipigia kwenye redio ndogo ya mama yake.

Mama yake, Bi Ruba, shemeji yangu, alikuwa akichuja tui. Akainua uso.

"Nani huyo amemfungia nyuki ndani ya kopo?"

"Ni Bi Nana, mama."

"Maskini. Mfungulie."

Basi mchumba wa kwanza akawa ni wa wale wanaokusifu tu mpaka unatoka nje na kilemba upande, usiambiwe. Nusra alihuzunika, maana alikuwa ameshampenda.

Wa pili aliletwa na ami yake. Hili silisemi kwa kujisifu, lakini Bwana Bakr ana akili ya ufundi ambayo ulimwengu umechelewa kuijua. Alichukua spika ya redio kuukuu, akaitia kwenye mdomo wa mtungi wa maji, akaziba kwa nta na kitambaa, kwa hesabu kwamba mtungi una tumbo, na besi, ile sauti nzito ya chini, hukaa tumboni. Nusra alisikiliza wimbo mmoja wote, kwa heshima.

"Ami," akasema, "Bi Nana ameanguka kisimani."

"Lakini vumi inasikika?"

"Inasikika. Imeanguka pamoja naye."

Mtungi ukarudishwa kwa mwenyewe, ukanywewa maji, na fani ya sauti ikapoteza.

Wa tatu ndiye wa mambo. Kule Ras Kitau alikuwako binti mmoja kutoka bara, Cherotich, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapigia wageni muziki. Mkataba ukaisha, akawa anafunga mizigo arudi kwao, na alikuwa na spika mbili ambazo hakutaka kuzibeba. Nusra akavuka kumwona. Zilikuwa fupi, nyeusi, hazina taa, hazina hata jina la kupendeza. Ukiziona ungesema ni mabetri.

"Mbona hazina urembo?" Nusra akauliza.

"Manze Nusra, hizi si za party," Cherotich akamjibu. "Hizi ni za kazi. Hazikupendezeshi kitu. Ukikosea, zinakuambia umekosea."

"Kama mama yangu."

"Sasa umeelewa."

Akampa. Nusra akazipakata ndani ya boti. Boti ilipoanza kung'oa nanga, Cherotich akakumbuka jambo, akakimbilia mpaka maji ya magoti, akapiga kelele. Lakini mashine ilikuwa inanguruma, na upepo ulikuwa na shughuli zake, na kilichomfikia Nusra kilikuwa, "Usizi… u… ta!"

"Anasema nini?" akamuuliza nahodha.

"Anasema usizifute," akajibu nahodha, ambaye hakuulizwa kama ana uhakika.

Usizifute. Nusra akaliweka neno hilo kichwani kama aya.

Sasa, nyumba za mawe za Lamu zina mambo yao. Ukuta wa chumba cha ndani, kutoka chini hadi juu, umechongwa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu safu, na humo ndimo huwekwa kila kitu cha thamani: sahani za kale, misahafu, marashi. Kitu cha heshima hakikai mezani na wala hakikai sakafuni, kinakaa kidakani. Vile vikopo vya maziwa vilikuwa humo. Spika za Cherotich nazo zikaingizwa humo, moja kulia, moja kushoto, katika zidaka viwili vikubwa, zikakaa kama maharusi. Bi Ruba akasimama kuzitazama.

"Zimependeza. Ila zina vumbi. Lete kitambaa."

"Mama, hazifutwi!"

"Hazifutwi? Kwani zina wudhuu?"

"Mwenyewe amekataza."

"Kitu gani duniani hakifutwi?" Bi Ruba akaondoka akinung'unika, na kwa muda wote uliofuata, kila chembe ya chokaa iliyoanguka juu ya spika zile iliangukia moyoni mwake.

Nusra akazipiga. Alitarajia kuambiwa ukweli. Alichoambiwa ni mmm, mmm, mmm. Vumi ilikuwa imevimba, imejaa chumba kama mgeni mnene kwenye kitanda cha kamba. Akaishusha. Ikabaki imevimba. Akaishusha tena mpaka ikakaa vizuri, akaipeleka kwenye redio ya jikoni, na huko jikoni vumi haikuwapo kabisa. Imekwenda Kiwayu.

"Nazo ni waongo," akasema Nusra, akakaa chini. Wachumba watatu, wote hawafai. Kule Wiyoni walikuwa tayari wanachagua mtele wa pilau na kushona nguo za sare, na ndani ya moyo wake Nusra akaanza kujifundisha upya kuwaambia wageni karibuni sana. Akaamua amrudie Hamdu. Heri uongo wenye taa.

Alipokwenda kusali alasiri, Bi Ruba akaona hapa ndipo. Akaingia na kitambaa na upesi wa mwizi. Akaishusha spika ya kulia, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa katikati ya chumba, akaifuta mpaka ikang'aa kama kiatu cha Idi. Kabla hajairudisha, jirani akamwita mlangoni, na jirani huyo si wa maneno machache. Spika ikabaki juu ya kinu.

Nusra akarudi, akakaa, akabonyeza bila kutazama, akaruka.

Kushoto, vumi ilikuwa ile ile, imevimba. Kulia ilikuwa nyembamba, kavu, na pembe zilikuwa wazi kama zinagongwa mbele ya pua yake.

"Mama!" akapiga kelele. "Umeifuta!"

"Kidogo tu!" Bi Ruba akajibu kutoka mlangoni.

"Umeiua! Besi yote umeifuta!"

"Besi inafutika?"

"Hii hapa, imekwisha!"

Bi Ruba akaja mbio, kitambaa bado mkononi, akakikunjua, akakiangalia kama huenda besi imo. Jirani naye akaja kuangalia. Nusra, kwa hofu, akainyanyua ile spika iliyofutwa akairudisha kidakani, labda itapona. Akaishusha ile nyingine ambayo haikuguswa, akaiweka juu ya kinu, ili aone tofauti ya iliyofutwa na isiyofutwa. Akabonyeza.

Maiti alikuwa amefufuka. Ile iliyofutwa ilikuwa inavuma tena, mmm, mmm, mnene kama zamani. Na ile isiyofutwa, yenye vumbi lake lote, ndiyo sasa ilikuwa nyembamba.

Nusra akazibadilisha tena. Unene ukahama tena. Haukuwa unaifuata spika hata kidogo. Ulikuwa unakaa kidakani, na kila anayeingia humo ananenepa.

Akakisogelea kidaka kilichokuwa wazi, akaingiza kichwa chote ndani, akaguna kwa sauti nzito, "Mmmm." Kidaka kikamjibu, "Mmmmmm," kwa sauti nzito kuliko yake.

"Mwanao ameshapagawa," jirani akasema taratibu, akirudi nyuma. "Somea kitu, Bi Ruba."

"Mama," Nusra akasema akiwa bado humo ndani, "hakusema usizifute. Alisema usiziweke kwa ukuta!"

"Nilikuambia!" akasema Bi Ruba, ambaye hakuwa amemwambia chochote cha namna hiyo. "Kitu gani duniani hakifutwi?"

Mumeona mambo? Ukuta wenyewe, ule tunaouringia kwa wageni, ndio uliokuwa unaimba besi. Kidaka kinaizidisha vumi, Nusra anaishusha, wimbo unatoka nje ya nyumba hauna vumi. Vispika vidogo havikuwa na hatia, hata mtungi wa mtu fulani pengine ulionewa.

Basi kukawa na kazi. Kinu cha pili kikaazimwa kwa jirani, ambaye alikitoa upesi na hakukaa. Vinu viwili vikapinduliwa mbali na ukuta, spika juu yake, zikimtazama Nusra usoni, usawa wa masikio, naye akakaa katikati yao. Godoro la pamba likasimamishwa nyuma yake, na zidaka vikajazwa kanga zilizokunjwa ili vifunge midomo. Hamdu akaitwa alete tena mchumba wake mrefu, maana Nusra ni mtu wa haki, akataka kuwaweka wote mahali pamoja. Yule mrefu, hata akiwa mbali na ukuta, alikuwa bado anasifu tu.

Na zile fupi? Zile fupi hazikuwa na huruma. Vumi ilikaa mahali pake, wala haikuvimba wala haikujificha. Lakini kila kitu kingine pia kilitoka: bangili ya mtu inalia, mtu anavuta kamasi, kijiti kimoja kinachelewa kila mara. Na katikati ya wimbo wa kumtukuza bwana harusi, chini kabisa, pale Bi Nana anapovuta pumzi, Nusra akasikia mnong'ono. Akarudisha. Akasikiliza tena. Ilikuwa sauti ya mmoja wa waimbaji, inamwambia mwenzake wazi kabisa:

"Bwana harusi mzuri, masikio tu, kama tanga."

Nusra aliachia mdomo wazi. Akaenda kwenye spika ya Hamdu akapiga mahali pale pale: hakuna, taa tu zinazunguka. Redio ya jikoni: hakuna. Lakini pumzi za Bi Nana alikuwa anakusudia kuzipandisha ili zisikike vizuri, na zikipanda, masikio ya bwana harusi nayo yatapanda, mbele ya mama yake bwana harusi, kwa spika ndefu kama kijana wa sekondari.

"Bi Nusra," Hamdu akasema, "umechagua ipi?"

"Yako nzuri, Bwana Hamdu. Ni ya kupigia. Ya kuchanganyia ni hizi."

"Lakini hizi zinaudhi!"

"Ndiyo," Nusra akasema, akavuta kiti. "Niache niudhike."

Akakata masikio, akanyamazisha bangili, akakisogeza kijiti kilichochelewa. Vumi akaiweka pale anapoisikia. Kisha akatembea na nyimbo zake kama mtu anayetembeza mtoto mchanga kwa jamaa: akazipiga kwa simu, akazipiga jikoni, akaenda dukani kwa Hamdu akazipiga huko. Kila mahali vumi ilikuwapo. Jikoni ilikuwa ndogo, kama mtu mzima aliyekaa kiti cha mtoto, lakini ilikuwapo. Bi Ruba aliacha kukuna nazi akasema, "Yeo Bi Nana ametoka koponi." Lakini Bi Ruba si Bi Nana, na Bi Nana alikuwa ameapa hatasikia hadi siku yenyewe.

Siku ikafika. Wanaume nje, wanawake ndani, Huwaida amepambwa amekaa, na mama yake bwana harusi amekaa mbele kabisa na pochi mapajani. Spika ya Hamdu imesimama na taa zake. Bi Nana yuko kwenye mkeka, uso hausomeki. Nusra ameshika waya, na baada ya wimbo huu ama yeye ni fundi ama ni mapokezi. Akabonyeza.

Tak. Tak. Tak-tak. Pembe. Kisha sauti ya Bi Nana. Kisha, kutoka chini kabisa, chini ya mikeka, vumi ikaingia. Nawaambia, Wiyoni nzima ilitikisika! Vikombe vilihama wenyewe kutoka sinia hii hadi ile. Wanawake elfu moja wakasimama kwa pamoja, watatu wakazimia, na Bi Nana, mwenye magoti yale yale mnayoyajua, akaitupa bakora yake dirishani, akaruka juu mpaka kitwa chake kikagonga bori—

"Ami Bakr!"

Naam, Nusra mwanangu.

"Bakora gani? Wewe ulikuwa nje na sahani ya pilau. Hatukufika hata mia. Bi Nana hakuinuka. Aliomba pembe yake, akaigonga pale pale kwenye mkeka mpaka wimbo ukaisha, ndipo akaniambia, 'Za wajukuu waliobaki nazo utazifanya wewe.' Basi. Andika hivyo."

Haya, hakuinuka, nimeandika. Lakini ile pembe, alivyoigonga, ilipasuka vipande viwili, na kimoja kikaruka kikavuka bahari hadi Man—

"Ami!"